MATUMIZI YA NYUMBANI: Usinunue Mbio, Nunua Nafasi

Siku hizi si ajabu kijana wa nyumbani kuomba kompyuta ya kuchezea michezo, wala si ajabu mzazi kukubali, maana kompyuta hiyo hiyo itafanya na kazi za shule. Katika orodha ya vipuri atakavyokuletea, kimo kimoja kinachowapoteza wengi: diski isiyozunguka, ambayo wauzaji huiita SSD. Juma hili tuizungumze hiyo, kwani hapo fedha ya mshahara huweza kupotea bure.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. SSD haina kitu kinachozunguka. Kumbukumbu zake zimo ndani ya chipu. Kwa hiyo mwenye kuacha diski ya zamani na kuchukua SSD, hata ya bei ya chini, ataona tofauti siku hiyo hiyo.

Baada ya hatua hiyo, faida ya mbio hupungua. SSD ya aina ya SATA husoma megabaiti zipatazo 550 kwa sekunde. Ya aina ya NVMe, kizazi cha 3, hufikia kama 3,500; kizazi cha 4 hufikia kama 7,000; na kizazi cha 5 hupita 10,000. Je, mchezo utafunguka upesi mara 20 zaidi? La hasha. Kwa michezo mingi tofauti ni ya sekunde chache tu, kwa kuwa prosesa nayo ina kazi yake ya kufanya. Wala SSD ya mbio haiifanyi picha iende kwa ulaini zaidi mchezoni. Hiyo ni kazi ya kadi ya grafiki na prosesa.

Basi yafaa fedha ielekezwe kwenye nafasi. Michezo mikubwa ya leo huchukua zaidi ya gigabaiti 100 kila mmoja. Diski ya gigabaiti 500 itajaa kwa michezo minne, na diski iliyojaa sana hupunguza mwendo. NVMe ya kizazi cha 3 au cha 4 yenye terabaiti 1 yawatosha wengi. Ukiiona kompyuta inaonyesha gigabaiti 931, usigombane na mwenye duka: ni namna mbili za kuhesabu kitu kile kile.

Kabla ya kulipa, soma kitabu cha ubao mkuu wa kompyuta. Tundu liitwalo M.2 huweza kupokea SATA, au NVMe, au zote mbili. Na vipande vingi vina urefu wa milimita 80. Kisichoingia ni hasara. Uliza pia dhamana: miaka 3 au 5 ni kawaida. Usiogope kuwa itachakaa. Nyingi za terabaiti 1 huahidiwa kuandikwa terabaiti 600; kwa gigabaiti 50 kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 30.

La kuogopa ni bidhaa za bandia. Zipo diski zinazodai terabaiti nyingi kwa bei ya kutupa, kumbe ndani mna nafasi ndogo tu. Kompyuta hudanganywa, nawe huendelea kuhifadhi, hadi siku utakapofungua picha za harusi au vitabu vya mtoto na kukuta havisomeki. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa hiyo dai stakabadhi, na siku ya kwanza, kabla hujaweka chochote, ijaribu diski kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo huijaza yote na kuisoma tena. Ikishindwa, irudishe dukani ungali na stakabadhi mkononi. Na hata ikishinda, picha za familia ziwe na nakala mahali pengine, kwani diski iliyo bora nayo huweza kufa bila kuaga.