Sifa Zisizopokea Zamu

Lugha yetu ilitambua jambo ambalo watu wake wamelisahau. Katika neno kuugua limepatikana neno kuuguza. Anayeugua na anayeuguza wametoka katika shina moja. Lakini mgeni akibisha hodi katika nyumba yenye mgonjwa huko Lipingo, pwani ya Ziwa Nyasa, swali lake huwa moja tu: "Mgonjwa ameamkaje?" Yule aliyekesha haulizwi kitu. Husifiwa. Huambiwa kuwa ana moyo na kuwa mama yake hakuzaa bure. Kisha mwenye kusifu huaga akaenda zake.

Nazishitaki sifa hizo. Zingekuwa njema kama zingefuatana na mkono. Jinsi zilivyo, ni malipo hafifu ambayo ndugu hutoa ili wasipokee zamu.

Hebu na tuhesabu, msomaji. Mgonjwa aliyepooza, asiyeweza kujigeuza kitandani, hutakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, asije akapata vidonda vya mgongoni na nyongani. Hiyo ni mara 12 usiku na mchana. Bado maji yachotwe, mashuka yafuliwe, muhogo utwangwe, uji upikwe na dawa ifuatwe. Ni mwanadamu gani aliye peke yake awezaye kazi hii mwezi mzima asianguke? Na mara nyingi huyo aliye peke yake ni binti asiyeolewa, au mke wa mwana. Kaka hukaa barazani wakizungumza habari za subira.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitaja familia kuwa taasisi ya msingi ya kumtunza mzee. Naam, lakini tangu lini familia ikawa mwanamke mmoja?

Nasikia jibu: mapumziko ni desturi ya ugenini, na ayatakaye amemchoka mzazi wake. Ajabu! Wavuvi wa pwani ile ile hurudi alfajiri na dagaa, wakaanika nyavu, wakalala mchana, wala hakuna awaambiaye kuwa wamelichoka ziwa. Binti aliyekesha akisinzia saa 4 asubuhi huitwa mvivu. Asiyelala hukosea kipimo cha dawa; hufoka, kisha hulia kwa aibu kwa kuwa amemfokea aliyemzaa. Wanaomlaumu hawajapata kuuliza usingizi wake ulikwenda wapi.

Basi mgeni wa kesho aziache sifa kwake. Aulize mwuguzaji amelala saa ngapi, apokee beseni, akae na mgonjwa hata jua litue. Na kaka asemaye kuwa kumwogesha mama ni kazi ya wanawake apewe usiku: kumgeuza mgonjwa na kumnywesha maji hakujamvunjia mwanamume heshima.