MKANDA WA JESHI HAUNGOJI

Upo ugonjwa ambao wananchi wa Singida, kama wenzao wa Tanzania nzima, huuita mkanda wa jeshi, kwa kuwa malengelenge yake hujipanga upande mmoja wa kifua au kiuno mithili ya mkanda wa askari. Jina ni zuri. Maneno yanayolifuata ndiyo mabaya. Jirani hunong'ona kwamba huyo ana UKIMWI, mwingine husema karogwa. Basi mgonjwa hujifungia ndani, hupakwa majani, na siku zapita.

Siku hizo ndizo tunazozisikitikia. Dawa ipo, nayo ni asaikloviri, tunda la utafiti wa Bibi Gertrude Elion wa Marekani na wenzake. Bibi huyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Utendaji wake ni wa ajabu. Dawa hukaa mwilini kama iliyolala hata ikutane na seli yenye virusi; hapo virusi vyenyewe huiamsha, nayo huvizuia visizaliane. Lakini vikiisha kuzaliana, itazuia nini? Ndiyo maana waganga wa hospitali hutaka ianze kumezwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutokea, mara 5 kwa siku, kwa siku 7 au zaidi. Na mkanda ukitokea karibu na jicho waweza kuleta upofu: huyo aende hospitali hata kama siku 3 zimepita.

Ama kuhusu uvumi, virusi hivi ni vile vile vya tetekuwanga, vilivyojificha katika neva tangu utotoni, vikaamka kinga ya mwili ilipopungua. Uzee peke yake watosha kuviamsha. Ni kweli kwamba VVU navyo huviamsha, hasa kwa vijana. Kwa hiyo kupima ni busara, na dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Lakini jirani si maabara.

Hata hivyo lawama zote tusimtwike mgonjwa. Mtu wa kijiji cha ndani huko Mkalama au Itigi akiambiwa dawa iko Singida mjini, saa 72 zaweza kumwishia akitafuta nauli. Tunasema vidonge hivi viwekwe katika zahanati za vijiji, na mhudumu avitoe siku ile ile mgonjwa anapofunua shati lake.