Nani Hulisoma Jarida la London?

Kila inapovuma habari kwamba mgeni amelisajili neno letu kuwa alama yake ya biashara, hasira hutupanda. Tunalia kuwa tumeibiwa, tunawalaani mabepari, kisha wiki hupita nasi tukasahau. Mimi nami nimewahi kulia kilio hicho. Lakini nikiitazama kesi ya kikoi, naona tumekuwa tukilia katika baraza lisilotusikia.

Msomaji huenda akakumbuka kwamba baina ya 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza ilitaka neno "kikoy", kwa tahajia hiyo, lisajiliwe huko kwao kuwa alama yake. Lau ombi lingalikubaliwa, mfanyabiashara wa Mtaa wa Biashara, Mombasa, apelekaye vikoi London angaliweza kushtakiwa kwa kuiita bidhaa yake kwa jina lake. Pingamizi liliwekwa, kwa msaada wa Traidcraft, shirika la Uingereza lililokuwa likitetea biashara ya haki, na kufikia 2008 ombi lilikuwa limeachwa.

Katika shauri la namna hii haitoshi kusema kwamba kikoi ni cha mababu zetu. Sheria ya alama za biashara haimuulizi mtu babu yake. Huuliza kama neno ni jina la kawaida la bidhaa, ambalo kila muuzaji analihitaji. Tena huuliza hivyo kwa masikio ya mnunuzi wa nchi ile, si ya mnunuzi wa Lamu. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba neno la Kijerumani lenye maana ya magodoro laweza kusajiliwa Uhispania kwa magodoro hayo hayo, maadamu wahusika wa huko hawaijui maana yake. Nilipoisoma hukumu hiyo nilishtuka. Ikiwa Kijerumani kilitendwa hivyo na majirani zake, Kiswahili kitaponea wapi? Kwa hiyo ankara kuukuu za maduka ya London yaliyouza vikoi zina nguvu kuliko hotuba ya waziri yeyote.

Na muda ni mfupi. Uingereza, ombi likishatangazwa, mpinzani ana miezi miwili, aweza kuiongeza ikawa mitatu. Marekani ni siku 30, isipokuwa aombe nyongeza. Mlango huo ukifungwa husalia kuomba alama ifutwe, kazi ngumu na ya gharama zaidi. Kampuni ya Disney ilisajiliwa maneno "Hakuna Matata" kwa fulana huko Marekani mwaka 2003; saini zaidi ya laki moja za kulalamika zilikusanywa 2018, miaka 15 baadaye. Nakiri kwamba maneno hayo si jina la fulana, na hata pingamizi la mapema lingekuwa na kibarua. Lakini saini, hata zikifika milioni, si pingamizi.

Jarida la alama za biashara la Uingereza hutoka kila Ijumaa, na yeyote aweza kulisoma bila malipo. Serikali yetu ina ubalozi London, na wafanyabiashara wana vyama vyao. Ningependa kuambiwa ni nani miongoni mwao aliyepewa kazi ya kulifungua kila wiki, akitafuta kikoi, kanga na kiondo, na akiyaona maneno hayo, ni wakili gani atakayempigia simu kabla miezi miwili haijaisha.