Panzi wa Ubaoni

Wastaafu wenzangu wa hapa Kanazi wanaamini nimeanza kurudi utotoni. Mzee wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, anapiga magoti kibanjani asubuhi na mapema, kamera usoni, akimwinamia mdudu! Mmoja wao aliniambia mbele ya watu, "Mwalimu, sisi senene tunamkaanga, wewe unampiga picha." Wakacheka. Nami nikacheka. Lakini neno ninalo.

Nilianza kwa kamera kuukuu niliyoachiwa na mjukuu wangu, yenye lenzi ya milimita 50. Alinifundisha kuifunga lenzi hiyo nyuma mbele kwa pete maalumu, ikageuka kioo cha kukuzia. Miezi mitatu ya kwanza sikupata kitu. Kwa ukaribu ule, sehemu inayotoka wazi ina kina cha milimita moja hivi: ukilipata jicho, mguu umepotea, ukipumua, vyote vimepotea. Ilinibidi niache kuzungusha lenzi, nisogeze mwili mzima mbele na nyuma, polepole, kama mtu atiaye uzi sindanoni. Flashi nikaifunika kwa karatasi nyeupe ili mwanga usimetemete juu ya gamba. Tena kuamka mapema ni lazima, maana mdudu mwenye umande bado ana baridi, hakimbii. Kijana mmoja alinishauri niwatie kwenye friji kwanza. Nilikataa, nimeshatesa wanafunzi wa kutosha.

Msimu wa senene wa Novemba ulipofika, nikampata mmoja wa kijani juu ya jani la nyasi. Nilipomkuza nikaona mambo mawili. Vipapasio vyake ni virefu kuliko mwili wake. Na kwenye mguu wa mbele, chini kidogo ya goti, pana ufa mwembamba: hapo ndipo lilipo sikio lake.

Nikakumbuka daftari moja. Mwaka 1986 niliwaambia wanachuo wachore panzi. Binti mmoja kutoka Muleba alichora mdudu mwenye vipapasio virefu hadi vikavuka pambizo. Nilimwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu, nikaandika: "Tazama ubaoni." Ubaoni alikuwepo panzi wa kitabu, wa jamii ya nzige, mwenye vipapasio vifupi na sikio ubavuni mwa tumbo. Senene si huyo. Ni jamaa wa nyenje. Binti yule alichora mdudu aliyemshika tangu utotoni, tena ambaye mila yetu Wahaya ilimtaka amkusanye na kumpika, kisha wale wanaume. Alimjua kuliko mimi.

Ugomvi wangu uko hapa. Tulijenga ualimu wa kunakili, na mimi nilikuwa fundi mmojawapo. Mkaguzi alipokuja aliuliza kama mchoro una majina yote. Hakuuliza kama yupo mtoto aliyemtazama mdudu. Tulijitetea kwamba hatuna vifaa. Nami nililisema hilo mikutanoni miaka mingi, na lilikuwa uongo. Katika nchi hii ya Bukoba, ambako vifaa huanguka vyenyewe kutoka angani usiku na kujaa kwenye mabati chini ya taa, mwalimu anadai hana vifaa! Vioo vya kukuzia nilikuwa navyo sita. Vilikaa kabatini kwa kufuli, visije vikapotea.

Wala nisiambiwe kwamba simu na intaneti zimemaliza tatizo hilo. Picha iliyopigwa na mtu mwingine ni ubao mwingine tu, wenye rangi nzuri zaidi. Nadai mwalimu asiruhusiwe kushika chaki mpaka mdudu mwenyewe awe mezani, hai, na kila mtoto awe amemwinamia.

Picha ya mguu ule niliichapa kwa ukubwa wa kalenda, nikaipeleka shule ya jirani. Mwalimu kijana aliniamkia kwa heshima, akaitazama kwa muda, akaniuliza: "Shikamoo tena mzee wangu, lakini hili la sikio mguuni, mtoto akiliandika kwenye mtihani si atakosa?"