Waliokataa Kutenganishwa

Na Zuhura Makame

Desemba 21, 2015, basi lililotoka Nairobi kuelekea Mandera lilimiminiwa risasi karibu na El Wak, kaskazini mashariki mwa Kenya. Washambuliaji wa al-Shabaab walikuja na amri ambayo kila abiria aliijua: Waislamu huku, wasio Waislamu kule. Mwaka mmoja tu nyuma, Novemba 2014, basi jingine lilitekwa katika kaunti hiyohiyo ya Mandera, abiria wakachujwa vivyo hivyo, na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu.

Safari hii amri iligonga mwamba. Waislamu walikataa kuachana na wenzao. Waliwaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote.

Kauli hiyo imesimuliwa sana, na inastahili. Kilichosimuliwa kwa uchache ni kile kilichofanyika humo garini: wanawake wa Kiislamu waliwapitishia abiria Wakristo mitandio na hijabu zao wajifunike, wasitambulike. Nani asiyejua kuwa mtu akikamatwa akimficha mwingine wakati kama huo, hana tena pa kujitetea? Hawakuulizana kabila wala mtaa. Aliyekuwa na nguo ya ziada aliitoa, aliyekuwa karibu akamsaidia jirani yake kuivaa, na wote wakabanana pamoja.

Watu wawili waliuawa siku ile. Miongoni mwa waliojeruhiwa alikuwamo Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, Mwislamu, aliyepigwa risasi kwa kukataa utengano huo. Alifariki dunia Januari 2016 akiwa kwenye matibabu Nairobi. Ikumbukwe kwamba baada ya mauaji ya 2014 walimu wengi kutoka maeneo mengine walikataa kurudi kaskazini, wengine wakapiga kambi kwenye makao makuu ya Tume ya Huduma kwa Walimu wakidai uhamisho. Nani angewalaumu? Farah alibaki kufundisha kwao, na akafa akiwakinga wageni. Mwaka huo wa 2016 Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani, naye hakuwapo tena kuipokea.

Kuna ukurasa mwingine ambao Wakenya hawapendi kuufungua. Aprili 2014, katika operesheni ya kupambana na ugaidi iliyoitwa Usalama Watch, polisi waliingia Eastleigh na mitaa mingine, wakakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wamo waliokuwa raia wa Kenya. Watetezi wa haki za binadamu walipaza sauti. Lakini wapangaji wa jengo moja, wateja wa duka moja, wazazi wa shule moja, wangapi walitoka kusema, "Huyu namjua, mwachieni"? Kule hakukuwa na bunduki ya gaidi kichwani mwa anayesema. Gharama ilikuwa ndogo mno kuliko ile ya El Wak, na bado wengi walinyamaza. Ndiyo maana waliosimama kidete ndani ya basi lile wanazidi kupendeza: jamii hiyo ya Wasomali, iliyokuwa imeshikwa kwa jina la watu wachache waovu, haikulipa kwa kisasi.

Filamu fupi *Watu Wote*, iliyotokana na kisa hiki, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Ina urefu wa takriban dakika 22, muda mfupi kuliko kipindi kimoja cha darasani. Shule za sekondari, za bara na za pwani, zingeweza kuionyesha kisha zikawauliza wanafunzi wawili wawili walioketi pamoja: wangefanya nini ndani ya basi lile, na wangefanya nini polisi wakibisha hodi Eastleigh kumchukua jirani? Swali la pili lipewe muda mrefu zaidi, kwa sababu ndilo watakalokutana nalo mara nyingi, kwenye foleni, ofisini, na kwenye kikao cha ukoo ambako mjomba anawatukana watu wa dini nyingine na kila mtu anatazama sahani yake.