Kabla ya Kununua Skana, Uliza Nani Atasikika

Miongoni mwa barua nilizopokea majuma machache yaliyopita, imo moja iliyotoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye anasomea uuguzi katika jimbo la Ohio, Marekani. Kijana huyu anataka kununua skana, yaani redio inayopekua wimbi moja baada ya jingine hadi inapoyanasa mazungumzo ya polisi, wazimamoto na wahudumu wa ambulensi. Muuzaji amemwonyesha mashine ya dola 700 na kumhakikishia kuwa inashika kila kitu. "Mwalimu," ananiuliza, "niichukue?"

Asiichukue, walau si kwa sasa. Nimeona heri nimjibu hadharani kwa sababu swali lake limebeba jambo zito kuliko bei ya mashine, na walimu wenzangu wa Fizikia na wa Historia huenda wakapata humu mifano ya kuwafaa darasani.

Kwanza, hakuna skana inayoshika kila kitu. Huenda palikuwa na wakati neno hilo lilikaribia ukweli. Polisi wa Detroit walipoanza kutumia redio katika magari yao mwaka 1928, mawasiliano yalikuwa ya upande mmoja tu: kituo kilinena, askari akasikiliza, na akitaka kujibu sharti aitafute simu. Mwaka 1933 mji wa Bayonne, New Jersey, ukawa na redio za kusemezana pande zote mbili. Mawimbi hayo yalikuwa jirani kabisa na mawimbi ya idhaa za kawaida, hata redio nyingi za nyumbani za miaka ile zilichorwa neno "polisi" kwenye uso wake. Mtu alizungusha kinobu kidogo tu, akasikia nani ameibiwa na wapi. Mpiga picha Arthur Fellig, aliyejulikana kwa jina la Weegee, alipata kibali mwaka 1938 cha kuweka redio ya polisi garini mwake huko New York, na picha zake za usiku zilizompa umaarufu zilitokana kwa sehemu kubwa na sikio lake.

Siku hizo zimepita. Siku hizi miji mingi ya Marekani hutumia mfumo ambao naweza kuueleza kwa mfano wa shule. Chukua shule yenye vyumba kumi na vyama vya wanafunzi thelathini. Badala ya kukipa kila chama chumba chake cha kudumu, mwalimu mkuu anamweka karani langoni. Chama cha sataranji kikifika, karani anakiambia, "Nendeni chumba cha nne." Kesho chumba hicho hicho kitakuwa cha wanakwaya. Mtu atakayesimama nje ya mlango wa chumba cha nne atasikia sataranji, kisha wimbo, kisha mjadala wa kandanda, asielewe lolote. Ili akifuate chama kimoja yampasa amsikilize karani. Skana rahisi haimsikilizi karani. Skana ya bei ya juu humsikiliza, ikahama pamoja na chama. Ongeza kwamba sauti zenyewe hupitishwa kidijitali kwa kanuni iitwayo P25, ambayo awamu yake ya pili huwawezesha wasemaji wawili kupokezana nafasi katika wimbi moja kwa kasi isiyohisika. Mashine iliyotengenezwa kwa awamu ya kwanza pekee haitaifasiri awamu ya pili.

Tena kuna tatizo la minara mingi kurusha ujumbe ule ule kwa wakati mmoja. Msomaji aliyewahi kuhudhuria sherehe uwanjani, vipaza sauti vikiwa pembe nne, anajua jinsi hotuba inavyomfikia mara mbili na maneno yakagongana. Skana nyingi huchanganyikiwa vivyo hivyo. Uniden SDS100, iliyotoka mwaka 2018, iliundwa makusudi ipambane na kero hiyo, na ndiyo mojawapo ya sababu za ughali wake. Ni mashine nzuri, sikatai. Lakini anayeishi katika kaunti ambayo wazimamoto wake wangali wanatumia mawimbi ya analogi ya kawaida haihitaji hata kidogo. Kiskana kama BC125AT, cha dola mia na kitu, kitamtosha, na juu ya hayo kitamsikizisha marubani katika masafa ya ndege, mabaharia, na taarifa za hali ya hewa za serikali katika megahezi 162. Kwa anayeishi katika nchi ya tufani kama Ohio, hizo taarifa za hewa zinaweza kumwokoa kuliko porojo zote za polisi, na redio ya kuzipokea peke yake ni rahisi zaidi.

Kwa hiyo nimemshauri mwanangu aanze na kaunti, mashine ifuate. Aulize mfumo unaotumika pale anapolala, awamu yake, na kama minara hurusha kwa pamoja. Kisha aulize swali ambalo muuzaji hatalitaja: je, mazungumzo yamefumbwa?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mazungumzo yakishafumbwa kwa ufunguo wa siri, hakuna skana halali itakayoyafumbua, iwe ya dola 100 au 7,000. Na ufumbaji unaenea. Polisi wa New York walianza kuyafumba mawimbi ya Brooklyn mwaka 2023, katika mradi uliotajwa kugharimu dola milioni 390. Chicago nayo iliyafumba mawimbi ya polisi wake, ikawapa wananchi sauti iliyocheleweshwa kwa dakika 30. Wapo basi wanaouziwa mashine ghali za kusikiliza ukimya, nami nauita udanganyifu ule wa muuzaji anayeficha habari hiyo.

Wanaounga mkono ufumbaji hawakosi sababu, na si haki kuwabeza. Baada ya mashambulizi ya mabomu katika mbio za Boston mwezi Aprili 2013, maelfu ya watu walitega masikio kwenye mawimbi ya polisi wakati washukiwa wakisakwa, wakatangaziana kila walichodhani wamesikia. Kijana mmoja mwanafunzi asiye na hatia akatajwa kuwa mshukiwa. Polisi walilazimika kuwasihi wananchi wasitangaze nyumba zilizokuwa zikipekuliwa. Sikio bila busara lilikaribia kuwa silaha.

Ipo pia siri ya mgonjwa, na hili namwambia muuguzi mtarajiwa kwa mkazo. Redioni utasikia anwani ya nyumba, umri wa mzee aliyeanguka, pengine jina la mwanamke aliyepigwa na mumewe. Hao hawakuomba wasikilizwe. Sheria ya Mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1934 inakataza kuyatangaza mazungumzo uliyoyanasa au kuyatumia kwa faida yako, ijapokuwa sheria ya mwaka 1986 ililegeza kwa upande wa kuyasikiliza mawasiliano ya polisi na wazimamoto yaliyo wazi. Simu za watu ni haramu kabisa. Mnamo Desemba 1996 mume na mke wa Florida waliyarekodi kwa skana mazungumzo ya simu ya Newt Gingrich, aliyekuwa Spika wa Bunge la Wawakilishi, na mwaka uliofuata wakatozwa faini. Majimbo kadhaa, Florida, Kentucky na Indiana yakiwamo, yanazuia skana ndani ya gari. Nyumbani ruksa, barabarani matata! Mgeni mwenye viza ya masomo hafai kuijua sheria ya namna hiyo kutoka kwa askari aliyemsimamisha.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaofumba kila kitu. Raia anayesikia kwamba polisi wameitwa mahali fulani, na kwamba walifika baada ya dakika nane au arubaini, ana kipimo ambacho msemaji wa polisi hawezi kukigeuza kesho yake mbele ya wanahabari. Dakika 30 za kucheleweshwa hazimfai mama ambaye mtaa wake unaungua, wala mwandishi anayetaka kufika wangali mashahidi hawajatawanyika. Mji wa Palo Alto, California, ulifumba mawimbi yake Januari 2021 ukayafungua tena mwaka 2022, huku polisi wake wakipewa njia nyingine za kupitisha majina na nambari za vitambulisho vya watu. Huo ndio utaratibu ninaouunga mkono: wito wa kazi uwe wazi, habari za faragha na mipango ya uvamizi ifungwe. Mawimbi ya wazimamoto sioni sababu ya kuyafumba hata chembe.

Huenda msomaji akauliza yatuhusuje sisi, ambao hatuna desturi ya kuwasikiliza polisi sebuleni. Yanatuhusu. Katiba yetu ya mwaka 2010 inalinda usiri wa mawasiliano katika kifungu cha 31, na kurasa chache mbele, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Vifungu hivi viwili ndivyo vinavyopigania wimbi la redio huko Chicago. Walimu wa kidato cha tatu na cha nne wawape wanafunzi wao mjadala huu, upande mmoja ukimtetea mgonjwa, wa pili ukimtetea jirani anayetaka kujua kama gari la zimamoto limeondoka kituoni.

Ama kijana wangu, ameniandikia tena. Ameulizia, akaambiwa polisi wa mji wake wamefumba mazungumzo yao, bali wazimamoto wa vitongoji wangali wazi na wa analogi. Atanunua kile kidogo. Anauliza kama ataweza kuja nacho likizoni Disemba. Nimemjibu akiache huko mpaka aulize Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kuhusu leseni, na dola karibu mia sita alizoziokoa azitie katika karo.