Nani Anaiangalia Skrini? Majibu kwa Watetezi wa Kamera za Kaunti

Kaunti nyingi za Kenya sasa zinataka kufunga kamera sokoni, kwenye steji za matatu na kwenye makutano ya barabara. Sipingi kamera. Napinga mlingoti kusimikwa kwanza na kanuni kutafutwa baadaye, kwa sababu kanuni hizo ndizo zitakazoamua kama kamera inamlinda mama mboga au inamwinda. Hoja za kuruka hatua hiyo tumezizoea mno, na zinafaa kujibiwa moja baada ya nyingine.

Inayopendwa zaidi ni kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa. Mji wa Brentwood, Uingereza, ulishaijibu. Usiku mmoja wa Agosti 1995, mkazi mmoja aliyezidiwa na majonzi alitoka barabarani na kisu akajaribu kujiua. Mhudumu wa kamera za halmashauri alimwona akiwa na kisu, akaita polisi, na mtu yule akaokolewa. Hadi hapo kamera ilifanya kazi njema kabisa. Kisha halmashauri, ikitaka kuonyesha mradi wake unavyofaulu, ikatoa picha zake kwa magazeti na televisheni. Uso haukufichwa ipasavyo, na watu waliomfahamu wakamtambua. Hakuwa mhalifu, wala hakushtakiwa kwa kosa lolote. Alishindwa katika mahakama za kwao, akaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na Januari 2003 majaji wakaamua kuwa faragha yake ilikiukwa. Halmashauri ilikuwa imejitetea kwamba yale yalitokea barabarani, mahali pa umma. Mahakama ilikataa: kuonwa na wapita njia wachache ni jambo moja, kutangazwa kwa taifa zima ni jingine.

Hapa kwetu picha haihitaji hata gazeti ili ivuje, wala haihitaji mdukuzi. Mhudumu wa zamu ya usiku anainua simu, anarekodi skrini kwa muda mfupi, anatuma kwenye kundi la WhatsApp la marafiki. Kufikia alfajiri, ajali ya mtoto wa mtu imezunguka nchi nzima kabla mama yake hajapigiwa simu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya chumba cha kamera ni nyepesi: simu zinaachwa mlangoni. Ya pili, kila anayefungua picha iliyohifadhiwa anaandika jina lake, saa, na sababu, na daftari hilo linakaguliwa na mtu asiyefanya kazi humo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ina meno. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto. Sioni kwa nini serikali ya kaunti, yenye macho mengi kuliko klabu yoyote, idhani inaweza kuwa mzembe zaidi.

Wengine husema kamera hupunguza uhalifu na hilo halina mjadala. Mjadala upo, na umepimwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, ukikusanya tafiti za miaka 40 kutoka nchi mbalimbali, ulikuta uhalifu ukipungua kwa takriban asilimia 13 palipowekwa kamera. Faida kubwa ilionekana kwenye maegesho ya magari. Kwa uhalifu wa kutumia nguvu, haikuonekana. Matokeo yalikuwa bora pale mtu alipokuwa akiangalia skrini muda wote, na kamera zilipoambatana na hatua nyingine. Kamera za jumba la maduka la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa na magaidi mwaka 2013, ziliwarekodi wauaji waziwazi, tena zikawarekodi hata wanajeshi wakitoka dukani na mifuko. Zilitufaa kama ushahidi, na ushahidi ni kitu kikubwa. Lakini watu 67 walikuwa wameshauawa. Kaunti inayosema kamera zitakomesha unyang'anyi kwenye steji yenye giza inapaswa kueleza kwanza kwa nini taa za steji hiyo haziwaki. Taa za barabarani ni jukumu la kaunti moja kwa moja, na kamera nyingi bila mwanga huona vivuli tu.

Hapo ndipo huja hoja ambayo kwangu ni ya hatari kuliko zote: sisi tunafunga tu, usalama ni kazi ya polisi. Ni kweli kwamba Jedwali la Nne la Katiba linaweka huduma za polisi mikononi mwa serikali kuu. Ni kweli pia kwamba tangu kandarasi ya 2014, iliyounganisha kamera takriban 1,800 za Nairobi na Mombasa na makao ya polisi, tumezoea picha za barabarani kuwa mali ya polisi. Lakini anayeamua kamera iwekwe wapi, irekodi nini na kwa nini, ndiye mdhibiti wa data kisheria, na mzigo huo hauhamishwi kwa kuchomeka waya mpaka kituoni. Bila mkataba wa maandishi, kila upande utamnyooshea mwenzake kidole siku picha zitakapotafutwa na zikose kupatikana.

Na siku hiyo huja. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikufa akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, iliwaambia maseneta kwamba mfumo wa kamera za kituo hicho ulivurugwa. Kamera zilikuwepo. Kilichokosekana ni ulinzi wa picha dhidi ya watu walewale waliokuwa karibu na mashine. Ndiyo maana mkataba wa kaunti na polisi lazima useme nani ana ufunguo, nakala ya pili iko wapi, nani anaweza kufuta, na kwamba polisi wanaotaka picha wanaziomba kwa maandishi, kwa tukio fulani na saa fulani. Wala mwananchi aliyepigwa na askari wa kaunti asinyimwe picha za kipigo chake eti ni siri ya usalama. Mahali ambapo askari wa kaunti ndio wanaolalamikiwa, mimi nisingewaachia wakubwa wao ufunguo hata siku moja.

Kuna wanaosema ukiwauliza wakazi, umewatonya wezi. Birmingham, Uingereza, ilijaribu kutouliza. Mwaka 2010, kamera 218 zilipangwa Sparkbrook na Washwood Heath, mitaa yenye Waislamu wengi, 72 kati yake zikiwa za kufichwa. Wakazi waliambiwa ni za kupambana na uhalifu wa kawaida, kumbe fedha zilitoka kwenye mfuko wa kupambana na ugaidi. Ukweli ulipojulikana, hasira ilikuwa kubwa hadi kamera zikafunikwa mifuko ya plastiki, ripoti ya polisi wa eneo jingine ikalaumu mradi mzima, na mwaka uliofuata zikaanza kung'olewa. Mamilioni ya pauni yaliteketea, na watu ambao polisi waliwahitaji zaidi kama mashahidi wakafunga milango. Mkazi wa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, anaelewa hili bila kuelezwa. Anakumbuka msako wa polisi wa Aprili 2014 na maelfu waliokamatwa, wengi wakipelekwa uwanja wa Kasarani. Ukimwekea kamera nje ya msikiti bila kumwambia ni ya nini, atajijazia mwenyewe sababu. Kibao chini ya kila mlingoti, chenye jina la ofisi, lengo, na nambari ya kupiga, hakimsaidii mwizi. Mwizi anaiona kamera hata bila kibao.

Kuhusu kuhifadhi picha muda mrefu kwa sababu huenda zikahitajika: weka siku chache zinazojulikana, zifutwe zenyewe, na zibaki tu zile za tukio lililoripotiwa. Ghala la nyuso za watu wasiotuhumiwa ni mzigo kwa kaunti na zawadi kwa mwenye nia mbaya.

Mwisho husemwa kwamba yote haya yatachelewesha mradi. Sheria inataka tathmini ya athari kwa faragha pale ambapo uchakataji una hatari kubwa, ripoti yake ikabidhiwe Kamishna siku 60 kabla ya kazi kuanza. Siku hizo zinaweza kwenda sambamba na zabuni. Wawakilishi wadi waikatae bajeti ya kamera yoyote ambayo tathmini yake hawajaiona mezani.